Siku za Kungoja Dirisha

Ratiba ya mradi wetu ilikuwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo ya saruji. Tulikuwa tukijenga darasa la chekechea na ofisi ndogo kwenye mteremko juu ya Mwatate, kwa michango ya wazazi na msaada wa marafiki walioko mbali. Juni, msingi. Julai na Agosti, kuta. Septemba, paa. Oktoba, madirisha na plasta. Novemba, rangi. Januari, watoto. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, na mwandiko ule ulikuwa wangu. Nilipanga mwezi wa kuyafunga madirisha. Siku ya kuyaagiza sikuiandika popote.

Januari ilipofika, watoto waliingia kwenye chumba ambacho matundu yake sita yalikuwa yamezibwa, manne kwa mabati na mawili kwa nailoni. Asubuhi za Taita ukungu hushuka hadi mlangoni, nao uliingia. Mwalimu aliwasha taa saa tatu asubuhi kwa sababu mabati yalikuwa yameziba mwanga, na kila upepo ulipovuma nailoni ilipiga kelele akalazimika kunyamaza. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaloanisha plasta ya ukuta wa mashariki, ikavimba na kuanguka vipande. Tuliipiga upya. Fedha ya plasta ile ya pili haikuwa kwenye bajeti, ikatolewa kwenye fungu la madawati.

Nimejiuliza mara nyingi kilichotuchelewesha, na kila nikijibu "mchomeleaji" najua si kweli. Tulikwenda karakanani kwake wiki ya kwanza ya Oktoba, tukiwa na mchoro mkononi. Mweka hazina wetu akamwambia, "Fundi, sisi tunayahitaji mwezi huu." Naye akajibu kwa upole, "Mama, Oktoba mmeipanga nyinyi. Kwangu oda inaanza leo."

Na hata leo hiyo oda haikuanza. Kwenye mchoro, matundu yote yalikuwa na upana wa sentimita 120. Ukutani kulikuwa na la 118, la 121, na moja ambalo juu lilikuwa pana kuliko chini. Mchomeleaji akasema hakati chuma mpaka plasta ipigwe, maana plasta hula sentimita moja hadi mbili kila upande. Fundi wa plasta naye akasema hamalizi kingo za matundu mpaka fremu ziwe zimefungwa, kwani akizimaliza kwanza, fremu itakapochimbiwa ukutani kazi yake itabomolewa. Wote wawili walikuwa na haki. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake, nasi kamati tulikuwa tukiwangoja wote wawili, tukidhani kwamba wao ndio wanaochelewa. Siku 11 zilipotea hapo, na hakuna chuma hata kimoja kilichokuwa kimekatwa.

Yaliyofuata hayana mengi ya kusimulia. Malipo ya nusu yalihitaji saini tatu, na mwenye saini moja alikuwa Mombasa. Vyuma vikangojwa. Umeme ukakatika siku mbili. Fremu zilipofika, vioo vilikuwa havijanunuliwa, na viliponunuliwa, viwili vilivunjika kwenye kona za barabara ya mlimani. Pati ya kushikizia vioo nayo hutaka siku zake za kukauka kabla ya kupakwa rangi.

Watu wa huku hupenda kusema kwamba sisi tuko mbali. Mimi sikubali. Voi, mji ulio jirani yetu, iko kilomita 150 hivi kutoka bandari ya Mombasa, kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, na kituo chake cha reli ya SGR kimekuwa kikipokea abiria tangu 2017. Makontena hupita mbele ya macho yetu usiku na mchana. Tatizo ni kwamba kupita siyo kufika. Katika miaka ambayo serikali ilielekeza mizigo kwenye bohari ya Embakasi, Nairobi, kontena la vioo lililoshushwa bandarini Kilindini liliweza kuvuka Voi juu ya behewa, likafunguliwa Nairobi, kisha vioo vyake vikarudi kwa lori zaidi ya kilomita 300 hadi duka la Voi. Rais Ruto alitangaza Septemba 2022 kwamba shughuli za kuondoa mizigo zirudi Mombasa. Amri kama hizo hutolewa mbali sana na karakana ya Mwatate, lakini huongeza au hupunguza siku za mtu anayejenga chumba kimoja.

Waliojenga reli ya kwanza, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, waliijua hesabu hii kwa uchungu. Vyuma vyao vilitoka Uingereza kwa meli, na walipoingia nyika kavu ya Taru kabla ya Voi, kila reli mpya ililetwa juu ya zile zilizokwisha kulazwa. Kifaa kisipofika, kazi haikuwa na pa kukimbilia. Sisi tunaojenga nyumba tuna mwanya: dirisha likikosekana tunaweza kupiga sakafu, kuezeka, kupaka chokaa. Kwa hiyo pengo lake halionekani mapema. Huonekana kazi nyingine zote zikiisha, na hapo huwa hakuna tena siku za kuazima.

Upande mwingine wa kaunti yetu ya Taita-Taveta kuna njia ambayo wajenzi wa Voi bado hawajaizoea. Kituo cha pamoja cha mpakani na Tanzania, cha Taveta na Holili, kilifunguliwa rasmi 2016, na lami sasa inaunganisha Taveta na Voi. Mwaka 2023 Tanzania ilizindua kiwanda kikubwa cha vioo Mkuranga, mkoa wa Pwani. Sisemi kwamba vioo vya huko vitakuwa rahisi zaidi. Nasema mwenye kupanga mradi Taveta leo ana mlango wa pili wa kubisha, na ni vizuri aubishe kabla ya kumwaga msingi.

Mjini Voi majengo mapya yanaanza kuvaa alumini na vioo vipana, na huko kosa la kipimo ni kali zaidi kuliko letu. Kioo cha kawaida kikizidi sentimita moja, fundi hukikata palepale. Kioo kilichokazwa kwa moto, kile ambacho kikivunjika humwagika punje ndogo badala ya vipande vyenye makali, hakikatwi tena. Hukatwa kwanza, hutobolewa matundu ya bawaba, kisha hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa ghafla kwa hewa. Baada ya hapo, ukijaribu kukikata kwa almasi kinasambaratika chote. Kipimo kikikosewa, kungoja kunaanza upya kutoka siku ya kwanza. Ndiyo maana kwa vioo hivyo mtu mmoja, tena mwenye jina lake kwenye mkataba, anapaswa kupima tundu lenyewe na kutia saini.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi ni fedha, na hapa nazungumzia miradi ya umma. Dirisha ni kifaa kinachodai fedha kabla hakijaonekana. Mchomeleaji hutaka nusu ndipo anunue chuma. Mkandarasi wa serikali, kwa upande wake, hulipwa kwa kazi iliyokwisha kupimwa. Mikataba mingi ya ujenzi nchini huruhusu kulipia vifaa vilivyofika kwenye eneo la kazi, lakini fremu 20 zilizosimama karakanani Mwatate, zimechomelewa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, hazijafika popote kwa macho ya mkaguzi. Mkandarasi mdogo huzibeba mgongoni mwake. Ongeza kwamba mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni na mgao wa kaunti mara nyingi huchelewa kutoka Nairobi, utaelewa kwa nini oda za madirisha hurundikana katika miezi ileile, kwa mafundi walewale wachache.

Mwaka 2021 na 2022 Wizara ya Elimu ilianzisha ujenzi wa madarasa 10,000 ya mtaala mpya kote nchini, kila moja kwa takriban shilingi 788,000, na kazi zikapewa wakandarasi wa maeneo husika. Niliupenda uamuzi huo wa kuwapa wenyeji kazi, na bado naupenda. Ila madarasa mengi yanapoanza kwa wakati mmoja, yote yanataka madirisha kwa wakati mmoja, na karakana haziongezeki kwa waraka. Anayepanga miradi mingi kwa mkupuo angeanza na swali dogo: kaunti ndogo hii ina mashine ngapi za kuchomelea, na kila moja hutoa fremu ngapi kwa wiki?

Mtu anayejijengea mwenyewe ana busara ambayo ratiba zetu hazina. Voi ina mtaa wa Tanzania-Bondeni, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi walimiliki ardhi kwa pamoja kupitia amana ya jamii, mpango wa kwanza wa aina yake nchini Kenya. Anayejenga katika mitaa ya namna hiyo huenda chumba kwa chumba. Akikosa fedha ya chuma na kioo, anatia dirisha la mbao lenye komeo na kuhamia, na la kioo litakuja mwaka mwingine. La mbao halimwaibishi, kwa kuwa alilipanga. Mabati yetu yalituaibisha kwa sababu hakuna aliyeyapanga. Laiti ratiba yangu ingekuwa na mbao za matundu sita tangu mwanzo, watoto wangepata mwanga mchana, na chumba kingebaki kikavu usiku.

Mwaka huu tunajenga darasa la pili. Karatasi ya mlangoni sasa ina safu mbili, moja ya kazi na moja ya kungoja, na dirisha limeandikwa mara tano: kipimo, malipo, chuma, kufunga, kioo. Kabla msingi haujachimbwa, seremala alitutengenezea kiunzi cha mbao chenye kipimo kamili cha tundu moja, pembe zake zikakazwa kwa vipande vya mshazari. Mchomeleaji akaja akakipima, akapunguza sentimita moja kila upande ya kuchezea, akaandika kwenye daftari lake. Mwashi hujenga mawe kukizunguka kiunzi hichohicho, na fundi wa plasta ameambiwa kingo zake zitangoja fremu. Saini zote tatu zilitiwa siku moja, baada ya ibada. Vioo tumekubaliana visinunuliwe mpaka paa likae, kwani kioo kinacholala kwenye eneo la ujenzi hakidumu.

Jumamosi iliyopita nilipanda kuangalia kazi. Mwashi alikigonga kiunzi kwa nyundo mara mbili, akakichomoa kwenye tundu la kwanza na kukisimamisha mahali pa la pili. Nilipokuwa nikishuka nikapita karakanani. Fremu sita zilikuwa zimeegemezwa ukutani chini ya turubai, zimeandikwa namba kwa chaki, zikingoja ukuta.