Kengele Kubwa ya Mtoto wa Milimani

Mashariki mwa Uswisi, kati ya milima mirefu yenye theluji, mna bonde liitwalo Engadin. Wenyeji wake wa asili husema Kiromanshi, lugha iliyozaliwa na Kilatini cha Roma ya kale. Wenye kukisema leo wapata elfu 60 tu, na hao hawakiandiki kwa namna moja: kila bonde lina usemi wake na maandishi yake. Je, watu wachache hivyo wana haja gani ya kuwachapishia watoto vitabu vya picha za rangi, vyenye gharama kubwa, hali wote watajifunza Kijerumani shuleni? Swali hili si geni masikioni mwetu, sisi tuliolelewa kwa lugha za vijiji.

Tarehe 20 Februari 1938 wanaume wa Uswisi walipiga kura (wanawake hawakuwa na haki hiyo bado), na zaidi ya 9 katika kila 10 wakakubali Kiromanshi kiwe lugha ya nne ya taifa. Siku zile watu wa Mussolini walikuwa wakidai kwamba ni lahaja ya Kiitalia tu. Kura ilikuwa jibu zuri. Lakini kura haimfundishi mtoto kusema. Hilo hufanywa na mama, na bibi, na hadithi za jioni.

Basi mwaka 1945 kikatokea kitabu kiitwacho Uorsin, maana yake dubu mdogo. Selina Chönz, mwanamke wa bonde lile lile, ndiye aliyetunga mashairi yake. Alois Carigiet alichora picha. Habari ni nyepesi. Kila tarehe 1 Machi wavulana wa Engadin hufukuza majira ya baridi kwa kupiga kengele za ng'ombe kijijini mwote. Wenye kengele kubwa hutangulia. Uorsin, kwa kuwa ni mdogo, amepewa kengele ndogo kama njuga, naye atafuata nyuma ya wote na kuchekwa. Mara akumbuka kengele kubwa iliyotundikwa katika kibanda cha malisho, juu mlimani. Apanda peke yake, avuka daraja jembamba, azama katika theluji, aipata, atafuna mkate mkavu, kisha usingizi wamshika. Huko nyumbani wazazi wahangaika usiku kucha. Asubuhi arudi, na siku hiyo yeye ndiye mbele ya wote.

Mwalimu mkali aweza kuuliza: je, hadithi hii haiwafundishi watoto utoro? Hatudhani hivyo. Mtunzi hafichi uchungu wa wazazi. Mtoto asomaye auona wazi, tena hauhitaji fimbo. Nasi tulipenda zaidi kwamba mama, mwana arudipo, anampakulia kokwa za mti zilizopikwa na malai ya maziwa. Mashairi yana vina viwili viwili, mepesi kukaa kichwani, na nyumba za kwenye picha zafanana na zile za kijiji cha Guarda, zenye kuta nene na madirisha madogo. Mtoto wa huko akifungua kitabu hukuta mlango wa nyumbani kwake.

Carigiet mwenyewe alijua thamani ya mlango huo. Alizaliwa mwaka 1902 huko Trun, kijiji cha Wakatoliki karibu na monasteri ya Wabenedikto ya Disentis, katika jamaa ya wakulima yenye watoto 11. Kiromanshi chake kilikuwa cha bonde jingine, si kile cha Engadin. Mwaka 1911 jamaa ilihamia mjini Chur, ambako watu husema Kijerumani, na kijana wa milimani akajikuta mgeni. Baadaye alipata sifa Zürich kwa matangazo na mapambo ya michezo ya kuigiza, lakini akauacha mji, akapanda tena milimani.

Wawili hao walitoa vitabu vingine viwili. Katika cha mwaka 1952, Flurina, dada yake Uorsin, anamlea kinda wa ndege wa porini, kisha analazimika kumwachia huru. Katika kile cha theluji kuu, poromoko la theluji lamfunika msichana huyo, na ndugu yake anamwokoa. Twaona hicho ndicho chenye nguvu kuliko vyote, maana watu wa milimani hawatishwi na mambo ya kubuni. Theluji imewazika kweli.

Vitabu hivyo vimefasiriwa katika lugha nyingi, hata Kijapani, na mwaka 1966 Carigiet alipewa nishani ya Hans Christian Andersen, akiwa mchoraji wa kwanza kuipata. Alikuwa amekwisha kurudi Trun, na huko alifariki mwaka 1985. Kila tarehe 1 Machi watoto wa Engadin hutoka na kengele zao, huzunguka visima vya kijiji, na nyimbo waimbazo ni za Kiromanshi.