Kodi za Pombe na Tumbaku Ng'ambo na Msafiri wa Ziwa Mweru: Hoja ya Kipimo cha Msamaha

Ikisiri

Kupanda kwa kodi za pombe na tumbaku katika nchi za nje huelezwa mara nyingi kama habari ya mtalii anayekuta bia imepanda bei hotelini. Makala hii inaeleza kuwa athari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile inayotokana na mambo mawili: tofauti ya bei kati ya nchi jirani, na kiasi ambacho msafiri anaruhusiwa kuvuka nacho mpaka bila kulipa ushuru. Kwa kuangalia Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru, kwa kulinganisha na Ghuba ya Ufini, inaonyeshwa kwamba kipimo cha msamaha kilichobuniwa kwa msafiri wa mara chache hakimfai mtu anayevuka maji kila wiki. Makala inapendekeza kipimo hicho kihesabiwe kwa muda badala ya kwa safari, na kitangazwe kwa lugha zinazozungumzwa ziwani.

1.0 Utangulizi

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ziwa hilo lina eneo la takriban kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umepita ndani ya maji yake. Upande wa pili iko miji ya Kilwa na Pweto. Ukaribu huo umefanya ng'ambo iwe mahali pa kwenda sokoni, kutembelea ndugu, kuhudhuria msiba au harusi, na kurudi. Kibemba na Kiswahili cha Katanga ni miongoni mwa lugha zinazotumika katika shughuli hizo.

Msafiri wa mwambao huu hafanani sana na mtalii anayechorwa katika maandiko ya uchumi wa utalii. Wapo wageni wa mapumziko wanaofika ziwani kutoka Lusaka na miji ya Ukanda wa Shaba, na wapo wanaohudhuria sherehe ya Mutomboko ya Walunda wa Mwata Kazembe, inayofanyika Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, mwishoni mwa Julai. Lakini wapo pia watu ambao kwao kuvuka mpaka ni sehemu ya maisha ya kawaida. Swali la makala hii ni hili: kodi ya pombe au tumbaku inapopanda upande mmoja wa maji, nani kati ya wasafiri hao anaguswa, na kwa njia gani?

2.0 Namna kodi inavyomfikia msafiri

Kodi inayohusika zaidi ni ushuru wa bidhaa, unaotozwa ama kwa asilimia ya thamani, ama kwa kiasi maalumu kwa kila lita au kwa kila sigara elfu moja. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani. Kwa kuwa kodi ya pili hukokotolewa baada ya ya kwanza, nyongeza ya ushuru hukua kabla ya kumfikia mnunuzi.

Mfano wa Zambia unatosha kulionyesha hilo. Mwaka 2014 ushuru wa bia ulipandishwa kutoka asilimia 40 hadi asilimia 60. Tuchukulie kreti ambayo thamani yake kabla ya kodi ni kwacha 100. Chini ya kiwango cha zamani, baada ya ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, bei yake ingefika kwacha 162.40. Chini ya kiwango kipya ingefika kwacha 185.60. Ikiwa muuzaji amehamishia nyongeza yote kwa mteja, bei imepanda kwa takriban asilimia 14.

Mgeni wa mapumziko wa siku nne huihisi nyongeza hiyo, lakini haibadilishi safari yake. Nauli, malazi na chakula ndivyo vinavyochukua sehemu kubwa ya fedha zake. Hali ni tofauti kwa mkazi. Utafiti wa kimataifa kuhusu tumbaku unakadiria kuwa bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri, na kwa takriban asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hilo ndilo lengo la kodi hizi: kulinda afya, na wakati huohuo kuipatia serikali mapato.

Makadirio hayo, hata hivyo, yanaeleza zaidi hali ya mnunuzi asiye na soko jingine karibu. Kwa mkazi wa Nchelenge, soko jingine lipo ng'ambo ya ziwa. Kwake yeye bei ya nyumbani ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni bei ya Kilwa au Pweto, pamoja na nauli ya boti. Aidha, upande wa Kongo hutumia faranga na dola, na upande wa Zambia hutumia kwacha. Kushuka kwa thamani ya kwacha kunaweza kuifuta faida ya kununua ng'ambo bila serikali yoyote kugusa kiwango cha kodi, na kupanda kwake kunaweza kuirejesha.

3.0 Funzo la maji mengine: Ghuba ya Ufini

Mahali ambapo jambo hili limeonekana wazi zaidi ni kati ya Helsinki, mji mkuu wa Ufini, na Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Miji hiyo imetenganishwa na bahari ya takriban kilomita 80, ambayo meli za abiria huivuka kwa saa mbili hivi. Ufini ilikuwa na kodi kubwa ya pombe kwa miaka mingi. Januari 2004 mipaka ya kiasi ambacho msafiri angeweza kuleta kutoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya iliondolewa, na ilijulikana kuwa Estonia ingejiunga na Umoja huo tarehe 1 Mei mwaka huohuo. Kwa kuhofia kupoteza wanunuzi, Machi 2004 Ufini ilipunguza kodi ya pombe kwa wastani wa asilimia 33. Unywaji uliongezeka, na vifo vinavyohusiana na pombe pia viliongezeka. Kuanzia mwaka 2008 kodi ilianza kupandishwa tena.

Kisha zamu ikawa ya Estonia. Ilipopandisha ushuru wake kwa kasi, hasa mwaka 2017, wasafiri kutoka Ufini walipunguza manunuzi yao, na Waestonia wenyewe wakaanza kuvuka mpaka wa kusini kwenda Latvia. Tarehe 1 Julai 2019 Estonia ilishusha ushuru wa bia na pombe kali kwa asilimia 25, na Latvia ikajibu kwa kushusha ushuru wake wa pombe kali.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kodi ya nchi moja hufanya kazi ndani ya kivuli cha bei ya jirani yake. Pili, kilichoanzisha mkururo wote ni kuondolewa kwa kipimo cha msafiri. Viwango vya kodi vya Ufini na vya jirani yake vilitofautiana tangu zamani, lakini tofauti hiyo ilikuwa imezuiwa na kiasi ambacho abiria aliruhusiwa kubeba.

4.0 Kipimo cha msamaha na msafiri wa kila wiki

Nchi kadhaa zimekwisha kulitambua jambo hilo. Australia, yenye kodi kubwa ya tumbaku, ilipunguza msamaha wa msafiri hadi sigara 25 mwezi Julai 2017, pamoja na pakiti moja iliyofunguliwa. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazungumzia katika Kifungu cha 6 kupiga marufuku au kuwekea mipaka tumbaku isiyotozwa ushuru inayouzwa kwa wasafiri wa kimataifa au kuingizwa nao. Kongo iliuridhia mkataba huo mwaka 2005 na Zambia ikajiunga nao mwaka 2008. Kwa upande wa pombe hakuna mkataba wa kimataifa wa namna hiyo, hivyo kila serikali hujiamulia.

Kielelezo cha karibu cha kipimo cha msamaha kinapatikana katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Humo msafiri aliyefikisha miaka 18 anaruhusiwa lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo, na tumbaku ya aina zote isiyozidi gramu 250. Zambia si mwanachama wa Jumuiya hiyo, na Kongo ilijiunga mwaka 2022, lakini kipimo hicho kinafaa kwa hesabu.

Tukichukulia sigara moja kuwa na uzito wa takriban gramu moja, gramu 250 ni sigara 250. Mtalii anayesafiri mara moja kwa mwaka akichukua kiasi hicho, huwa amepata pakiti kumi na mbili na nusu. Lakini mtu anayevuka ziwa mara mbili kwa wiki, akitumia haki hiyohiyo kila safari bila kuvunja sheria, anaweza kuingiza sigara 26,000 kwa mwaka. Mvutaji wa sigara kumi kwa siku hutumia sigara 3,650 tu. Kinachobaki, zaidi ya mara sita ya mahitaji yake, si cha matumizi binafsi. Msamaha uliokusudiwa kumwondolea mgeni usumbufu huwa mlango wa biashara isiyolipiwa kodi.

Kinyume chake pia ni kweli. Ofisa wa forodha asiyekuwa na kipimo kinachoendana na maisha ya ziwani hulazimika kukisia. Mama anayerudi kutoka msibani na chupa mbili anaweza kutazamwa kwa jicho lilelile la mfanyabiashara wa magendo. Pasipo kanuni iliyo wazi, uamuzi huwa ni wa ofisa, na mwenye kuelewa sheria au mwenye fedha ndiye anayepita kwa urahisi.

5.0 Hatari ya kuhamia kwenye pombe isiyopimwa

Kipo pia kinachotokea ufukweni penyewe. Bia ikipanda bei, si wote watakaoacha kunywa wala wote watakaovuka maji. Wapo watakaogeukia pombe ya kienyeji iliyotoneshwa: kachasu upande wa Zambia, lutuku upande wa Kongo. Pombe hizo hazilipiwi kodi na kiwango chake cha kilevi hakijulikani. Zambia ilionyesha kuwa inaweza kuchukua hatua kali pale ilipopiga marufuku pombe kali ya vifuko, maarufu kama tujilijili, mwezi Aprili 2012. Hatari hiyo haiondoi haja ya kodi. Inaonyesha tu kuwa kodi ya bia isiyoambatana na usimamizi wa pombe kali hulinda afya kwa nusu.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kodi za pombe na tumbaku zinapopanda ng'ambo, mgeni wa mapumziko hulipa kidogo zaidi na kuendelea na safari. Anayeguswa hasa ni msafiri wa mara kwa mara, na athari yenyewe huamuliwa na tofauti ya bei na kipimo cha msamaha. Kwa washauri wa sera, mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, katika mipaka ya maziwa, msamaha uhesabiwe kwa kipindi, kwa mfano mwezi mmoja, badala ya kwa kila safari. Kadi ya mvukaji inayogongwa muhuri mwaloni ingetosha kuanzia.

Pili, Zambia na Kongo, ambazo zote ni wanachama wa SADC na COMESA, zijulishane kabla ya kubadili viwango, ili nchi moja isipandishe kodi ambayo matunda yake yatavunwa na wauzaji wa nchi ya pili.

Tatu, kipimo hicho kibandikwe kwenye mialo kwa Kibemba na Kiswahili, pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Kanuni ambayo anayevuka hawezi kuisoma humwacha mikononi mwa yule anayeisoma kwa niaba yake, na ziwani huyo ndiye pia anayekagua mzigo.