Jina liko kwenye daftari, lakini kompyuta inasema haliko: jina linapotelea wapi?

Tuseme mama amekimbia Nyabiondo, Masisi, na watoto wanne, akafika huku kwetu Walikale. Rais wa wakimbizi anamuandika kwenye daftari. Wiki mbili baadaye, siku ya kugawa chakula, anaambiwa: « Mama, jina lako haliko. » Lakini yeye mwenyewe aliona wakiliandika.

Hapo wengi tunasema mara moja: wameuza nafasi yake. Mara ingine wizi uko kweli. Lakini mara ingine hakuna aliyeiba kitu. Jina lilipotea kati ya daftari na kompyuta.

Safari ya jina

Kutoka kwenye daftari, mtu anapiga majina kwenye Excel. Faili hiyo ina kolone: jina, umri, simu, kijiji. Kisha inatumwa kwa kle ao kwa intaneti, inaingizwa kwenye hifadhidata, ni kusema ghala kubwa la habari ndani ya kompyuta. Ghala hilo lina visanduku vyake, vilivyopangwa mbele, mara nyingi na watu wasiojua hata Walikale iko wapi.

Sasa lazima mtu aonyeshe mashini: kolone hii iingie kisanduku hiki, ile iingie kile. Kazi hiyo ndiyo kuoanisha kolone. Mashini haifikiri. Ukiiambia imwage chumvi kwenye pipa la sukari, itamwaga.

Mahali panapoharibika

Ya kwanza ni majina. Sisi Wakongomani tuna Nom, Postnom na Prénom. Postnom ilishika nguvu tangu mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya kizungu. Lakini programu nyingi za kutoka inje zina visanduku viwili tu: jina la mtu na jina la familia. Mama anayeitwa Riziki Bahati Furaha anaweza kuingizwa kama « Furaha Riziki ». Siku ya kugawa anajitaja « Riziki Bahati », vile tumezoea. Anayetafuta anaona si yeye.

Ya pili ni tarehe. Kwetu 04/07/1990 ni tarehe 4 mwezi wa 7. Mashini iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma tarehe 7 mwezi wa 4, bila kulalamika. Ikikuta 25/07/1990 inakataa, juu hakuna mwezi wa 25.

Ya tatu ni simu. Excel ikidhani namba ya simu ni hesabu, inafuta sifuri ya mbele. Kama msaada ni pesa za kutumwa kwa simu, pesa hizo zinaweza kukwama.

Ya ine ni mahali. « Walikale » ni jina la wilaya, ni jina la zone ya afya, tena ni jina la mji. Kolone ikiitwa tu « Zone », na mtu akaioanisha na kisanduku cha wilaya, watu wa zone za afya za Kibua, Pinga ao Itebero watakosa mahali, juu hakuna wilaya yenye majina hayo.

Ya tano ni kadi. Mwaka 2023 vita vilizuia watu wengi wa Masisi kuandikishwa kwa uchaguzi, na wengine kadi zao ziliungua ao zilipotea wakikimbia. Kama kisanduku cha namba ya kadi kimewekwa kuwa cha lazima, mashini inatupa mstari mzima. Hivyo aliyepoteza vingi ndiye anayefutwa wa kwanza.

Mwisho, kuna kuhama kwa kolone. Mtu akiongeza kolone moja mwanzoni, na mashini ikahesabu kwa nafasi, kila kitu kinasogea. Umri wa miaka 38 unaingia mahali pa idadi ya watu wa nyumba.

Namna ya kuzuia

Kwa wanaopiga orodha: oanisheni kwa jina la kolone, si kwa nafasi yake. Kila jina liwe na kolone yake. Namba ya simu iwekwe kama maandishi. Jaribuni kwanza na mistari kumi, muiangalie kwa macho, moja kwa moja. Mukimaliza, hesabuni: kama faili ilikuwa na familia 412 na zimeingia 397, familia 15 ziko wapi? Programu nyingi zinatoa orodha ya mistari iliyokataliwa. Isomeni kabla ya siku ya kugawa, na musitupe faili ya kwanza.

Kwa rais wa wakimbizi: chunga kopi ya daftari, uliza ni familia ngapi ziliingia.

Na wewe mama, baba: taja majina yote matatu kila mara, kwa utaratibu uleule. Chunga jeto yako. Ukiambiwa « haliko », usirudi mara moja. Omba watafute tena kwa namba ya jeto, kwa simu, kwa postnom, kwa kijiji ulichotoka. Kama bado halionekani, omba waandike malalamiko yako na wakupe karatasi yenye tarehe.