Leza kwenye Msumeno: Mwanga Unaonyesha, Haunyooshi

Pita asubuhi kwenye karakana za mbao za Kikula au Panda, hapa Likasi, utakuta fremu za milango na miguu ya vitanda ikikatwa uwanjani, chini ya mwembe au kibanda cha bati. Msumeno wa umeme wa kukatia pembe, ambao wengi wetu tunauita kwa Kifaransa scie à onglet, umerahisisha kazi iliyokuwa ikichosha mkono. Lakini una tabu moja: diski ikiwa juu, huoni itashukia wapi. Fundi huishusha mpaka karibu iguse mbao, hukisia kwa jicho, huinua, husogeza mbao, hushusha tena. Ukiwa na vipande arobaini vya kukata, nusu ya siku inaishia katika kukisia.

Leza imekuja kuondoa tabu hiyo. Inachora mstari wa mwanga juu ya mbao, nawe unalinganisha alama yako ya penseli na mstari huo kabla ya kukata. Ni kifaa kizuri. Hata hivyo, nimeona fundi akikifunga leo na kesho akakilaumu kwamba kimemharibia mbao, kumbe alikifunga kabla ya kazi iliyopaswa kutangulia.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960, siku 45 kabla ya uhuru wa Kongo, wakati mji wetu ukiitwa bado Jadotville. Ilihitaji kijiti cha yakuti na taa kali ya kukimulika. Leza ya msumeno ni dayodi ndogo kuliko punje ya mchele, inayotumia volti chache tu. Mwanga wake hautawanyiki kama wa tochi, hivyo unaweza kuchora mstari mwembamba.

Kazi inayopaswa kutangulia ni hii: kabla ya kufungua boksi la leza, nyoosha mashine. Leza hufuata diski, na diski ikiwa imepinda, mstari utakuonyesha kwa uaminifu kabisa mahali pabaya. Chukua ubao mpana wenye kingo zilizonyooka, ukate kwa digrii 90, kisha pindua kipande kimoja juu chini na uvikutanishe vyote viwili kando ya rula ndefu. Ukiona upenyo kati yao, ujue kosa la mashine ni nusu ya upenyo huo. Legeza ukuta wa kuegemezea mbao, urekebishe, ukate tena mpaka upenyo uishe. Usidharau kosa dogo. Nusu digrii kwenye ubao wa milimita 100 ni karibu milimita 0.9. Fremu ya pembe nne ina mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii upande uleule, pembe ya mwisho itaachana kwa digrii 4. Hakuna gundi inayoficha hilo.

Mashine ikishanyooka, chagua leza. Ziko za aina mbili.

Ya kwanza ni ya duara, kama washa nene, ile pete bapa ya chuma inayokaa chini ya boliti, na hukaa mahali pa washa ya nje ya diski. Ina betri ndogo kama za saa, na hujiwasha yenyewe diski inapozunguka kwa kasi. Hakikisha tundu lake linalingana na mhimili wa mashine yako, na kwamba boliti bado inaingia uzi wa kutosha. Chomoa waya wa umeme, bana kifungio cha mhimili, kisha fungua boliti. Kwenye mashine nyingi uzi wake ni wa kinyume: hufunguka ukizungusha kufuata mishale ya saa. Mafundi wengi wameharibu kichwa cha boliti hapa kwa kulazimisha. Futa vumbi lote kabla ya kufunga, kwa sababu hata uchafu mdogo chini ya washa huifanya diski iyumbe. Leza hii haina cha kurekebisha. Mstari wake huangukia milimita chache pembeni mwa diski, nawe hujifunza umbali huo kwa kukata vipande vya majaribio.

Ya pili hufungwa kwa skrubu kwenye kinga ya diski au nyuma ya mkono wa mashine. Hii ndiyo inayohitaji subira. Bana kipande cha ubao kwa jiriwa, ukikate nusu ya unene tu, kisha chomoa umeme bila kukisogeza. Washa leza, ukiwa umeipa betri au chanzo chake chenyewe. Usiunganishe waya zake moja kwa moja na umeme wa volti 220. Zungusha skrubu mpaka mstari ulale kwenye ukingo mmoja wa mfereji ule, mwanzo hadi mwisho. Halafu inua na ushushe mkono wa mashine taratibu. Mstari ukihama kushoto au kulia, leza imelala upande. Isimamishe wima, kisha urudie. Kaza, ukate tena, uhakikishe.

Kumbuka diski ina unene. Meno hula kiasi cha milimita 2 hadi 3 za mbao. Kwa hiyo amua tangu mwanzo mstari unaonyesha ukingo upi wa mkato, uandike kwenye mashine kwa rangi, na kipande unachokihitaji kikae upande huo siku zote. Anayesahau hili hupoteza milimita 2 au 3 kila mara, akidhani rula imemdanganya.

Mazingira yetu nayo yana neno. Kiangazi cha Katanga, kuanzia Mei hadi Septemba, jua ni kali na vumbi jekundu halitulii. Mstari mwekundu hupotea juani, na kwenye mulombwa, mti ambao wenzetu wa Tanzania wanauita mninga, hauonekani vizuri kwa sababu mbao yenyewe ina wekundu. Weka mashine kivulini, chora alama kwa chaki nyeupe, au tafuta leza ya kijani, kwa kuwa jicho la binadamu huipokea rangi hiyo vizuri zaidi. Futa kioo cha leza kila asubuhi kwa kitambaa laini.

Mwisho ni usalama. Nunua leza ya daraja la 2, yenye nguvu isiyozidi miliwati 1, wala usiielekeze machoni mwa mtu, hasa watoto wanaokuja kutazama karakana. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi bila taarifa, chomoa waya kila mkono wako unapokaribia diski. Usitegemee swichi peke yake: ikiwa imebaki imebanwa, umeme ukirudi diski itaanza kuzunguka ukiwa bado umeishika.

Wenzangu mafundi, wateja wetu hununua pembe iliyofungana, leza hawaioni. Mwanga ule utakusaidia kufika hapo haraka, mradi umeupa mashine iliyonyooka ya kufuata. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa ya leza, kata ubao mmoja leo, uupindue, utazame upenyo. Ukiuona, anza na huo.