Mwili unavyopima sukari yake, na hatari ya kuacha insulini mgonjwa asipokula

KATIKA damu yote ya mtu mzima mwenye afya, ambayo hukadiriwa kuwa lita tano, sukari inayozunguka kwa wakati mmoja ni gramu nne hadi tano tu, kiasi kinachokaribia kujaza kijiko kimoja cha chai.

Kiasi hicho kidogo ndicho kinachotenganisha uzima na maradhi. Kikipungua kwa nusu, mtu huweza kuchanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Kikizidi maradufu kwa miaka mingi, huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu.

Pamoja na hayo, mtu huyo huweza kunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari asubuhi, akala sahani ya ugali mchana na akalala bila kula usiku, lakini kesho yake kabla ya kifungua kinywa kipimo chake kikawa palepale, kati ya milimoli 3.9 na 5.5 kwa lita.

Kinacholeta utulivu huo ni utaratibu ambao wataalamu huuita homeostasisi, yaani uwezo wa mwili kulinda uwiano wake wa ndani hata mambo ya nje yanapobadilika.

Msingi wa fikra hiyo uliwekwa katika karne ya 19 na mwanasayansi wa Ufaransa, Claude Bernard, aliyegundua kuwa ini lina uwezo wa kutengeneza sukari lenyewe. Jina la homeostasisi lilitolewa mwaka 1926 na Walter Cannon, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Utaratibu huo hufanya kazi mfano wa jokofu. Joto likipanda ndani ya jokofu, kifaa cha kupima joto huwasha mota. Ubaridi ukifika kiwango kilichowekwa, kifaa hichohicho huizima. Matokeo ya kazi ndiyo yanayorudi kuisimamisha kazi, na hali hiyo huitwa mrejesho hasi.

Neno hasi hapa halimaanishi ubaya, bali kwamba mwili hujibu kwa kwenda kinyume cha badiliko. Upo pia mrejesho chanya, ambao huongeza badiliko badala ya kulipunguza. Mfano wake ni uchungu wa uzazi: mtoto anaposukuma mlango wa kizazi, homoni ya oksitosini humwagwa na kuongeza uchungu, na uchungu huo humsukuma mtoto zaidi, hadi anapozaliwa.

Kongosho na ini

Kwa upande wa sukari, mpimaji mkuu ni kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Ndani yake yamo makundi madogo ya seli yanayoonja damu usiku na mchana.

Sukari ikipanda baada ya mlo, seli aina ya beta humwaga homoni ya insulini. Insulini huruhusu misuli na mafuta ya mwili kupokea sukari kutoka katika damu, na huliamuru ini kuiweka akiba. Sukari ikishuka, insulini nayo hupungua.

Mtu akikaa muda mrefu bila kula, seli aina ya alfa humwaga homoni nyingine, glukagoni, inayofanya kinyume. Huliamuru ini kufungua ghala na kurudisha sukari katika damu. Ghala hilo huweza kuhifadhi takriban gramu 100, na linapokaribia kwisha ini huanza kutengeneza sukari mpya kutokana na protini na vitu vingine.

Kazi hiyo haiwezi kusubiri, kwa kuwa ubongo pekee hutumia takriban gramu 120 za sukari kwa siku.

Mzunguko unapokatika

Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia na kuharibu seli za beta, hivyo insulini hukosekana. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo inayowapata watu wengi zaidi, insulini huwapo lakini mwili huwa mzito kuitii, na kadiri miaka inavyopita kongosho huchoka.

Sukari inapozidi milimoli 10 hivi kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote katika damu na nyingine hupotea katika mkojo. Sukari hiyo huvuta maji, na ndiyo sababu mgonjwa hukojoa mara kwa mara, huwa na kiu kali na hukonda. Tangu zama za kale waganga wa India walitambua ugonjwa huo kwa kuona sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo.

Hapo ndipo linapojitokeza kosa linaloweza kugharimu maisha. Mgonjwa wa aina ya kwanza akishikwa na homa au kutapika, akakosa hamu ya kula, wapo wanaoamini kuwa kwa vile hakula hahitaji insulini, hivyo huiacha.

Imani hiyo husahau kazi ya ini. Bila insulini ya kulizuia, ini huendelea kumwaga sukari katika damu ingawa tumbo ni tupu. Wakati huohuo mwili huyeyusha mafuta bila kiasi na kuzalisha tindikali. Mgonjwa hutapika zaidi, hupumua kwa kina na kwa haraka, pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na asipotibiwa mapema hufariki dunia.

Ushauri wa kitabibu ni kwamba mgonjwa wa aina ya kwanza asiache insulini kabisa kwa sababu ya kuugua. Anatakiwa kupima sukari mara nyingi zaidi, kunywa maji, na kupata maelekezo ya daktari kuhusu kipimo cha dawa. Akiendelea kutapika apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Upande wa pili nao una hatari yake. Insulini inayochomwa kwa sindano haina mrejesho, kwa maana kwamba ikishaingia mwilini hufanya kazi hata kama sukari imekwisha kushuka. Mgonjwa hutokwa jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, na mara nyingine huropoka hadi watu wakadhani amelewa.

Mtu wa namna hiyo, iwapo anaweza kumeza, apewe haraka kinywaji chenye vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, kwa kuwa huweza kupaliwa, bali akimbizwe hospitali.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hakuwa na matumaini. Januari mwaka huo, mjini Toronto, Canada, Leonard Thompson alichomwa insulini iliyotokana na utafiti wa Frederick Banting na wenzake. Aliishi miaka 13 zaidi.

Siku ya kuzaliwa kwa Banting, Novemba 14, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kisukari Duniani.

Tangu wakati huo dawa hiyo imewarejeshea mamilioni ya watu sehemu ya uwiano walioupoteza. Hata hivyo, kazi ya kupima, ambayo kongosho huifanya bila mwenyewe kujua, kwa mgonjwa hubaki mikononi mwake na mwa wale wanaomuuguza.