Hadithi ya sentensi tano iliyosikika Ngara

Mwaka 1994 na miaka michache iliyofuata, aliyefungua redio wilayani Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, aliweza kusikia maisha ya mtu yakitajwa na kumalizika kwa pumzi mbili. Jina la anayetafutwa au anayetafuta. Jina la baba na la mama. Kilima na komuni walikotoka. Mahali walipopotezana. Mahali alipo sasa. Basi, linafuata jina jingine.

Hiyo ilikuwa Gahuzamiryango, matangazo ambayo BBC iliyaanzisha mwaka 1994 kwa Kinyarwanda na Kirundi, yakisoma majina yaliyokusanywa na Msalaba Mwekundu ili waliopotezana wasikiane. Hayakuwalenga Wahangaza wala Washubi, wenyeji wa Ngara. Lakini Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu, na mwenyeji wa Kabanga hakuhitaji mkalimani. Alikuwa msikilizaji asiyealikwa. Alisikia mwanzo na katikati ya habari ya mtu asiyemjua, na hakuna aliyerudi kumwambia iliishaje.

Nilikutana na habari za matangazo hayo nikitafuta jambo jingine kabisa. Nilitaka kuandika kuhusu hadithi fupi: inavyotungwa, inavyofundishwa, na kwa nini kwetu inakaa pembeni. Nikakwama kwenye matangazo hayo. Inakuwaje sentensi tano za kiofisi, zilizojazwa na karani ambaye hakuwa na nia ya kumliza mtu, zinamkaa mtu kichwani kuliko riwaya ya kurasa mia tatu?

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Aprili 28 na 29, 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani, kwa muda wa saa 24, na kambi ya Benaco wilayani Ngara ikageuka mji mkubwa kabla ya kuwa na choo. Mwaka uliofuata Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapo hapo Ngara. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao kupitia daraja lile lile. Wakimbizi wa Burundi waliokuwa kambi ya Lukole, Ngara hiyo hiyo, walibaki hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008.

Turudi kwenye tangazo, maana utamu na uchungu wa jambo viko humo.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, ni mtoto wa miaka minne. Fomu inataka jina: analo, ingawa huenda ni la utani la nyumbani. Inataka jina la baba: analijua nusu. Inataka jina la mama, na mtoto wa miaka minne humwita mama yake Mama. Karani anafanya nini? Anaacha wazi, au anaandika kwamba hajui. Mtangazaji akifika hapo anaruka. Msikilizaji wa Rulenge, aliyekwisha kuzoea mpangilio wa fomu, anasikia pale paliporukwa. Hajaambiwa kwamba mtoto ni mdogo mno, wala kwamba hana mtu, wala kwamba anasikitisha. Amejua yote hayo kutokana na mstari usiosomwa.

Halafu angalia kipengele cha mahali walipopotezana. Jibu linaweza kuwa neno moja: darajani, sokoni, njiani. Ndani ya neno hilo kuna umati, kuna mizigo kichwani, kuna mkono ulioshika mkono mwingine mpaka saa fulani, kisha haukuushika tena. Nani aliyeachia? Fomu haikuuliza. Mwandishi chipukizi angeuliza, tena angejibu kwa kurasa tatu. Angetuletea mvua, angetuletea ngurumo, angemfanya mtoto aseme maneno ya mtu mzima. Tungemaliza kurasa hizo tatu tukiwa tumechoka, na mtoto tumeshamsahau.

Wananadharia wa hadithi fupi wamelizunguka jambo hili kwa muda mrefu. Mmarekani Edgar Allan Poe, akihakiki kitabu cha Nathaniel Hawthorne mwaka 1842, alidai kwamba hadithi isomwe kwa kikao kimoja, na kwamba kila neno lililomo lifanye kazi ya kuleta athari moja tu iliyokusudiwa. Kwa wasafiri wa Biharamulo, wilaya ya jirani, hoja hiyo haihitaji profesa. Kwa miaka kadhaa mabasi yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi wenye silaha kupita msitu wa Kasindaga, kwa hofu ya majambazi wa bunduki. Anayesimulia kisa mahali kama pale hajui askari watafika saa ngapi. Hawezi kuanzia kwa babu wa babu yake. Huanzia karibu kabisa na tukio, hutaja watu wawili au watatu, na kila sentensi huwa na sababu ya kuwapo, kwa kuwa injini ikiwashwa amepoteza hadhira yake.

Mmarekani mwingine, Ernest Hemingway, naye aliandika mwaka 1932 kwamba mwandishi anayekijua anachokiandika anaweza kuacha mengi bila kuyataja, na msomaji akayahisi kana kwamba yametajwa. Sharti lake ni hilo la kwanza: akijue. Anayeacha kwa kutojua huacha shimo tu.

Ila mtu aliyenishika mkono katika jambo hili ni mwingine, na alifariki mwaka 1904 akiwa na miaka 44. Mrusi Anton Chekhov alikuwa daktari, na uandishi aliuanza kwa shida ya nyumbani. Alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Moscow, familia nzima ikimtegemea, alipoanza mwaka 1882 kuliandikia Oskolki, gazeti la vichekesho la St. Petersburg. Mhariri wake, Nikolai Leikin, alitaka hadithi isizidi kama mistari mia moja. Chekhov alinung'unikia sana mistari hiyo. Ndiyo iliyomfunza kazi.

Mei 1886 alimwandikia kaka yake Alexander, ambaye naye alikuwa mwandishi, barua iliyojaa maonyo. Kwa usiku wa mbalamwezi, alimwambia, usihangaike kuusifu mwezi. Onyesha kipande cha chupa kinachometa kwenye bwawa la kinu na kivuli cheusi kinachopita, usiku utakuwa umefika wenyewe. Kwenye barua hiyo aliorodhesha masharti sita ya kazi nzuri: isiwe na hotuba ndefu za siasa na uchumi, mwandishi asiegemee upande, watu na vitu vielezwe kwa ukweli, iwe fupi kupita kiasi, iwe na ujasiri wa kutofuata mazoea, na iwe na huruma. Ufupi na huruma kwenye orodha moja. Wengi wetu tulifundishwa kwamba huruma inahitaji maneno mengi.

Miaka sita baadaye alikwenda mbali zaidi. Mwandishi mwenzake, Lydia Avilova, alikuwa amemtumia hadithi ya watu wenye dhiki. Chekhov akamshauri kwamba ukitaka msomaji awaonee huruma wanyonge wako, wewe mwenyewe uwe baridi zaidi, ili huzuni yao ipate ukuta wa kuonekanea. Ukilia wewe, msomaji hana tena la kufanya. Nikirudi kwa karani wa Msalaba Mwekundu, ambaye bila shaka hakuwa na habari na barua hiyo, naona ameitekeleza yote. Hakuna kivumishi kwenye fomu yake.

Hapo ningeweza kufunga makala nikiwa nimeridhika, lakini Chekhov mwenyewe ananikatalia. Mwaka 1890 alisafiri hadi kisiwa cha Sakhalin, mashariki ya mwisho ya Urusi, mahali serikali ilikopeleka wafungwa. Alikaa huko miezi mitatu akienda nyumba kwa nyumba na kadi alizochapishiwa kisiwani. Kadi ilikuwa na mistari ya kujazwa: makazi, namba ya nyumba, hadhi ya mtu mbele ya sheria, jina, umri, dini, alikozaliwa, mwaka aliofika, kazi, kama anajua kusoma, kama ana ndoa, kama anapata msaada wa serikali. Kwa hesabu yake mwenyewe aliandikisha watu wapatao 10,000. Afisa yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya kuandikishia wakimbizi Benaco angeitambua kadi hiyo bila kujua Kirusi.

Alifanya nini na kadi hizo? Alitoa kitabu kizito kuhusu kisiwa kile, chenye takwimu na maelezo, kilichokamilika mwaka 1895. Hadithi fupi ilitoka upande mwingine. Akirudi kwao kwa njia ya bahari, kwenye meli walifariki watu wawili na maiti zao zikatupwa majini. Kutokana na safari hiyo akaandika "Gusev": askari mmoja mgonjwa wa kifua, wagonjwa wenzake wachache katika sehemu ya chini ya meli, joto, mazungumzo yasiyofika mbali, kifo. Kadi elfu kumi alikuwa nazo mzigoni, akamchagua mtu ambaye hakuwa kwenye hata moja.

Kwa kipimo cha Chekhov, basi, tangazo la redio halitoshi kuitwa hadithi fupi. Karani hakuchagua kuacha, alibanwa na nafasi. Mwandishi anapotaja daraja na kunyamazia mkono ulioachia, ameupima ukimya huo na anajua unamfanya nini msomaji. Mwandishi Ivan Bunin alikumbuka akiambiwa na Chekhov kwamba hadithi ikishakwisha inafaa kukata mwanzo wake na mwisho wake, kwa sababu huko ndiko waandishi hudanganya zaidi. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye wino wa kutosha anayejinyima.

Na je, sisi tuna mahali pa kujifunzia kujinyima huko? Mwaka 1978 gazeti la Jumapili la Mzalendo lilichapisha "Mayai Waziri wa Maradhi" ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Hadithi ile ya kijinamizi kuhusu wakubwa wetu ilisomwa na mtu akinywa chai. Mwaka huo huo Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe, alitoa mkusanyo wake Uwike Usiwike Kutakucha. Baadaye hadithi ya Kezilahabi ikatoa jina kwa mkusanyo ambao wanafunzi wa Kenya waliusoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa kule hadithi fupi ni sehemu ya mtihani wa fasihi. Ukafuata Damu Nyeusi, ukafuata Tumbo Lisiloshiba, ukafuata Mapambazuko ya Machweo. Kwetu Tanzania, kwa miaka mingi, vitabu teule vya Kiswahili vimekuwa riwaya, tamthiliya na ushairi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipozinduliwa mwaka 2022 ilianza na riwaya na ushairi. Kijana wa Ngara au Biharamulo mwenye hadithi ya kurasa nane ataipeleka wapi?

Ataipeleka kwenye simu. Huko kuna wasomaji wengi na hakuna mhariri wa mistari mia. Kuna simulizi za vipande vipande, kila kipande kikikatwa mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, na chini limeandikwa lile neno ITAENDELEA. Sizidharau. Anayeweza kumrudisha msomaji siku arobaini mfululizo ana ufundi, na wengi wanaziandika wakiwa hawana mshahara wala ofisi. Ila ni ufundi wa kuahirisha mwisho, nao hufuga tabia zake: siri mpya kila sehemu, maiti inayofufuka, pacha asiyetajwa tangu mwanzo. Hadithi fupi humlazimu mtunzi asimame mahali fulani aseme imetosha, huku akijua kwamba msomaji angependa aendelee.

Frank O'Connor, Mwairishi aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu hadithi fupi mwanzoni mwa miaka ya 1960, alidai kwamba riwaya hustawi penye jamii iliyotulia, na hadithi fupi huwafuata walioachwa kando: wapweke, wahamaji, wasio na msemaji. Kama yuko sahihi, basi Ngara, iliyo karibu zaidi na Kigali na Bujumbura kuliko Dodoma, ilipaswa kuwa shamba lake.

Lakini shamba la nani? Hapa ndipo ninapokosa raha. Wahangaza waliosikia yale majina wana haki ya kusimulia walivyoyasikia: mashamba ya migomba yaliyokanyagwa, kuni zilizokwisha, biashara iliyochangamka, wageni waliokuja na kuondoka. Ninayemtilia mashaka ni yule atakayeichukua fomu ya mtoto, ausifu uzuri wa ukimya wake, kisha aipeleke kwenye mashindano. Pengine mtu huyo ni mimi. Nimetumia nusu ya makala hii kushangilia mstari uliorukwa, na mstari ule haukurukwa ili unipendeze.

Aliyekuwa na miaka minne mwaka 1994 ni mtu mzima sasa, amevuka thelathini, huenda ana watoto na simu mfukoni. Siku akiamua kuandika, inawezekana asitake hata kidogo ufupi tunaousifu. Alishafupishwa na karani, akafupishwa na muda wa hewani. Huenda akataka kurasa mia nne, pamoja na mvua, ngurumo na babu wa babu yake, na kila mtu atajwe kwa majina yake yote matatu. Akija na mswada huo kwa mhariri, sijui mhariri atautoa wapi ujasiri wa kumwambia akate.