Mama Anapoitwa Kwenye Usaili wa Ubunifu Majengo

Jumamosi moja, baada ya ibada ya akina mama, mama mmoja kijana wa usharika wetu alitufuata akiwa na barua mkononi. Alisomea ubunifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na sasa alikuwa ameitwa kwenye usaili Ijumaa iliyofuata. Badala ya kufurahi alikuwa analia. "Mama zangu, nimekaa nyumbani miaka minne nikilea watoto. Nitawaambia nini watu wale?"

Wapenzi wasomaji, sisi hatujasomea kuchora majumba. Baadhi yetu ni wauguzi, wengine ni walimu na wafanyabiashara. Lakini tuliketi naye jioni tatu, tukasali pamoja, kisha tukafanya kazi. Tunapenda kuwashirikisha yale tuliyojifunza, kwa maana mwenye barua kama ile anaweza kuwa binti yako, mkwe wako, au wewe mwenyewe.

Usifiche miaka ya kulea

Binti yetu alitaka kuandika kwamba miaka ile minne alikuwa akifanya kazi zake binafsi. Tulimwuliza, "Kazi zipi?" Akanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tunaofanya kazi katika wodi ya wazazi tunaijua methali hiyo vizuri kuliko wengi! Tulimshauri aseme wazi: nilizaa, nikalea, na sasa nimerudi. Kisha aeleze anavyojirudisha katika kazi. Alikuwa amekwisha kuanza kujikumbusha programu za kuchorea kwenye kompyuta kila usiku watoto walipolala. Hilo ndilo la kusema.

Tena kuna jambo la kisheria. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2010, mtu hafanyi kazi kwa jina la mbunifu majengo mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mhitimu hupata uzoefu kwanza chini ya mtu aliyesajiliwa. Kwa hiyo katika maelezo yake tulifuta neno "mbunifu majengo" tukaandika "mhitimu wa ubunifu majengo". Ni neno dogo, lakini anayesaili ataliona.

Jalada la michoro liseme kweli

Katika kazi hii vyeti peke yake havitoshi. Msailiwa hubeba jalada la michoro yake, na mara nyingi maswali mengi hutoka humo. La binti yetu lilikuwa na kazi kumi na nne. Tulimsaidia kuchagua tano, zile anazoweza kuzieleza bila kusitasita: tatizo lilikuwa nini, kiwanja kikoje, jua na upepo vinatoka wapi, na kwa nini alichagua hivi na si vile. Kwa kila kazi alitoa pia karatasi ya mwanzo yenye kufutwafutwa, kwa sababu huonyesha jinsi mtu anavyofikiri.

Mchoro mzuri kuliko yote ulikuwa wa hospitali. Tulipousifu, aliinamisha kichwa. Ulichorwa na wanafunzi wanne, na sehemu yake ilikuwa ngazi na njia ya mteremko ya kupitisha viti vya magurudumu. Je, aseme ni wake?

Sisi wauguzi tunapokabidhiana zamu husema nani alitoa dawa gani na saa ngapi. Anayejisifia kazi ya mwenzake anaweza kumdhuru mgonjwa. Jengo nalo hubeba roho za watu. Tulimwambia aandike chini ya mchoro: "Kazi ya watu wanne; mimi nilichora ngazi na mteremko." Alisikitika, lakini aliandika.

Waulize wanaotumia jengo

Ofisi iliyomwita huchora zahanati na shule. Kwa hiyo jioni ya pili ilikuwa yetu wauguzi. Tulimweleza mlango ambao kitanda cha mgonjwa hakipiti mpaka kiinamishwe, na korido ambayo machela hushindwa kukata kona. Tulimweleza kwa nini chumba cha wanaokohoa kinahitaji madirisha pande mbili ili hewa ipite na kutoka, maana kifua kikuu husambaa kwa njia ya hewa. Naye alitufundisha kwamba huku kwetu jengo likielekeza kuta zake ndefu kaskazini na kusini, vyumba huepuka jua kali la asubuhi na la jioni.

Kisha tukampima kwa saa ya mkononi. Mchoro mmoja, dakika tano, kwa maneno ambayo mzee wa kanisa asiyejua ramani angeelewa. Mwanzoni alitumia dakika kumi na mbili!

Nyumba nzima ijiandae

Usaili hauanzi mlangoni mwa ofisi. Nani atawapeleka watoto shule asubuhi hiyo? Mtoto akiamka na homa, nani atabaki naye? Mume wake alikubali kuomba ruhusa kazini, na mama mkwe alikuja kulala Alhamisi. Nguo zilipigwa pasi mapema, na njia ya daladala ilijaribiwa Jumatano ili ajue muda wa safari.

Akiulizwa nani atalea watoto? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa sababu ya jinsia, ndoa au ujauzito. Lakini jibu la upole humfaa mtu: "Familia yangu imejipanga, nami nitafika kazini kwa wakati."

Yaliyotokea

Wasaili walifungua mchoro wa hospitali, wakasoma maandishi ya chini, wakamwuliza kuhusu mteremko tu. Sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 50, mteremko uwe na urefu gani? Alijibu kwamba kwa kila sentimita 1 ya kupanda huhitajika 12 za kwenda mbele, hivyo ni mita 6. Kisha akawasimulia machela yetu na kona ya korido.

Hakupata nafasi ile. Alichukuliwa mwenzake aliyekwisha kusajiliwa. Alilia tena, nasi tulilia naye. Lakini baada ya miezi miwili ofisi ileile ilimwita awe chini ya mbunifu wao mkuu. Mmoja wa wasaili alimwambia kwamba walimkumbuka kwa yale maandishi ya chini ya mchoro.

Mama mpendwa, Bwana wetu alisimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Basi keti na binti yako kabla ya siku yake. Mwombee, mpime kwa saa, na umsaidie kusema kweli. Mungu awabariki.